Nilitumwa kuhesabu taa, nikaishia jikoni

Kuna kazi ukitumwa unaitikia haraka kwa sababu unaiona ndogo. Hii nilipewa Januari, kwenye kikao cha bajeti cha kanisa letu, kikao kilichoanza saa nane mchana na hadi saa kumi na moja hakuna aliyekuwa ameona hata kikombe cha chai. Mtunza hazina alikuwa anasoma matumizi ya mwaka mstari kwa mstari, watu wanasinzia. Alipofika kwenye "umeme na dizeli" akavua miwani. Tunaomfahamu tukajua kuna neno.

"Ndugu zangu, hii Luku inatumaliza," akasema. "Kuna mtu ana mashine ya kusaga hapa?"

Watu wakaamka. Wazee wakawalaumu kwaya kwa maspika yao, kwaya wakawalaumu vijana wanaochaji simu, na sisi vijana tukasingizia feni kwa sababu feni haina wa kuitetea. Mwenyekiti akanigeukia: "Wewe si mwandishi wa habari? Kazi yenu si kuuliza maswali? Basi nenda kaiulize mita."

Wadau, hapo ndipo nilipojiponza. Nilikuwa nimesoma kwamba Kanisa la Uingereza lilipiga kura Februari 2020 kuwa ifikapo 2030 liwe limefuta hewa ukaa linayoitoa kwenye majengo na shughuli zake, na kwamba parokia za huko zinaombwa kujaza bili zao kwenye fomu ili zijijue zilipo. Nikanyoosha mkono, nikasema tusipime pesa tu, tupime na hewa ukaa. Wazee wakaniangalia kama vile nimeomba kanisa lihamie London.

Kwa wasiopajua, kanisa letu liko upande wa Jangwani, hatua chache kutoka purukushani za Kariakoo, na ukiufuata mteremko unajikuta bondeni kwa mto Msimbazi. Aliyepaita Jangwani lazima alifika kiangazi, maana hilo jangwa likipigwa na mvua ya usiku mmoja linageuka ziwa. Watani wetu wa Simba hawatuiti vyura bure. Makao makuu ya Yanga yako hapa hapa, na maji hayaulizi kadi ya uanachama. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadaye serikali ikawapeleka wengi wa bondeni Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, nayo ikajengwa humo humo bondeni, imeshafurika mara kadhaa tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016. Kwa hiyo mtu wa Jangwani ukimwambia habari za mabadiliko ya tabianchi humsimulii kitu cha kwenye televisheni.

Haya, turudi kwenye mita. Sikuwa na kifaa chochote cha maana. Nilikuwa na daftari, simu yenye saa, na fundi wa sauti wa kanisa ambaye anajua kila swichi ilipo. Mita yetu ya zamani iko ukutani nyuma ya ofisi, na kama ulivyo mtindo wa mita nyingi ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa. Pembeni imeandikwa kwamba mara 1,000 za kupepesa ni uniti moja. Basi kazi ni kuhesabu tu. Kakipepesa mara 17 kwa dakika, ujue jengo linavuta kilowati moja. Ukizima kitu kimoja na kuhesabu tena, umejua kile kitu kinakula kiasi gani. Mtu yeyote mwenye Luku ya namna hiyo anaweza kufanya hivyo leo usiku nyumbani kwake, na nawahakikishia mtagombana na friji zenu.

Jumapili nilianza na ibada zote mbili. Feni 16, kila moja wati 75. Taa za tyubu 24 za zamani. Amplifaya, mikisa, maspika, kinanda. Vyote vikiwa vimewaka, na kwaya imepandisha sauti mpaka vioo vinatetemeka, tulikuwa tunavuta kilowati tatu na kidogo. Kwa saa sita za Jumapili hiyo ni uniti 19 hivi. Zidisha mara nne, mwezi mzima wa kumsifu Mungu kwa sauti kubwa unakula uniti 77. Nikampelekea mwenyekiti wa kwaya hesabu hiyo, akaomba niiandike kwenye karatasi yenye muhuri.

Sasa mlaji ni nani? Nilirudi Jumanne saa tatu usiku. Kanisa limefungwa, hakuna mtu isipokuwa mlinzi na redio yake ya betri. Nikasimama mbele ya mita na simu mkononi. Mara 20 kwa dakika. Nikarudia, mara 20. Jengo tupu, giza ndani, linavuta kilowati moja na zaidi.

Mlinzi akasema, "Kaka, si hizo hapo juu yako?"

Ni kweli, zilikuwa juu yangu. Taa mbili za nje za halojeni, wati 500 kila moja, zilizofungwa miaka mingi iliyopita baada ya mtu kuruka ukuta na kuondoka na betri ya gari la mgeni. Zinawashwa saa kumi na mbili jioni, zinazimwa saa kumi na mbili asubuhi, Krismasi hadi Krismasi. Uniti 12 kila usiku, 360 kwa mwezi. Kwa bei tunayolipa sisi, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na VAT na makato yake, hiyo ni zaidi ya shilingi 128,000 kila mwezi kumulika ukuta na paka. Kanisa letu lilikuwa linakula umeme mara nne zaidi likiwa limelala kuliko likiwa linaabudu.

Taa zile tulizitoa wiki iliyofuata. Kariakoo taa za LED za wati 50 zimejaa kila duka, tukafunga mbili, ukuta unaonekana vile vile na mlinzi anasema paka anawaona vizuri zaidi. Uniti 360 zikawa 36. Gharama ya taa na ya fundi ilirudi ndani ya mwezi. Rafiki yangu ambaye baba yake yuko kwenye kamati ya msikiti mtaa wa pili akaiomba karatasi yangu, akaenda kupima kwao. Kule mlaji mkubwa ni pampu ya maji ya udhu.

Walikuwepo waliotaka turuke yote haya twende kwenye sola. Walinitajia Vatican, ambako mwaka 2008 ukumbi wa Paulo wa Sita ulifunikwa paneli zaidi ya 2,000. Sina ugomvi na Vatican. Ila kama tungeanza na paneli, tungekuwa tumenunua paneli na betri za kuwashia halojeni. Tena jua letu linawaka Jumatatu hadi Ijumaa wakati kanisa limefungwa.

Mpaka hapo nilikuwa shujaa. Tatizo likaja kwenye ile ahadi yangu ya hewa ukaa. Nikakaa chini kuhesabu, nikakuta hata uniti moja ina asili yake. Ikitoka kwenye maji, haina hewa ukaa ya kutaja. Ikitoka kwenye mtambo wa gesi, weka karibu nusu kilo. Ikitoka kwenye jenereta letu la dizeli ni balaa: lita moja ya dizeli inatoa kilo 2.7 za hewa ukaa na inazaa uniti tatu hivi, na wakati wa mgawo wa mwaka 2023 lile jenereta lilihubiri kuliko mchungaji. Umeme wa gridi nao umebadilika. Zamani sehemu kubwa ilitoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mtwara, halafu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji likaanza kuingiza umeme, na mitambo yake tisa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo hata nikijifanya kwamba uniti zetu zote zilitoka kwenye gesi, umeme wote wa kanisa, pamoja na zile halojeni na ofisi na friji, haukufika kilo 300 za hewa ukaa kwa mwezi.

Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye kikao, mzee mmoja akasimama. Ni mzee ambaye huwa haongei. Kila mtu anajua kwamba mwaka 2011 maji yaliingia kwake bondeni hadi kwenye dirisha, na kwamba kuna mtu wa familia yake hakupatikana.

"Kijana, umefanya kazi nzuri," akasema. "Mimi nina swali moja tu. Mwaka ule sikuwa na gari. Sikuwa na kiwanda. Nyumbani kwangu palikuwa na balbu tatu. Hao wenye viwanda, mita zao umeenda kuzihesabu?"

Nilimjibu kwa takwimu, na najuta. Nilisema, mzee wangu uko sahihi, Mtanzania wa kawaida kwa mwaka mzima anatoa kama robo tani ya hewa ukaa kutokana na mafuta na gesi, na Mmarekani anatoa tani kama 14. Akatikisa kichwa taratibu, akakaa. Kumwambia mtu aliyepoteza ndugu kwamba yuko sahihi kwa robo tani si jibu. Mwandishi ukizoea kutafuta namba ya kuweka aya ya pili unasahau kwamba mbele yako kuna mtu.

Lakini usiku ule swali lake lilinirudisha kwenye ile robo tani. Hesabu hiyo ni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Haimo miti. Na sisi kanisani tuna jiko.

Jiko sikulipima kwa sababu hakuna aliyenituma huko, tuseme ukweli. Kwenye bajeti liko chini ya "ukarimu", na ukarimu haukaguliwi. Tuna chekechea yenye watoto kama 60 wanaokunywa uji saa nne na kula mchana, siku tano kwa wiki. Ongeza chai ya Jumapili, semina, misiba, sherehe. Vyote kwa mkaa. Nikaenda kwa mama anayelisimamia jiko lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula au umekuja kutupima na sisi?"

Nikamwambia vyote viwili, akacheka, akanipa uji kwanza. Nilikuwa nimeazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa jamaa wa duka la nafaka Kariakoo. Gunia lilitoka kilo 54, vumbi na vipande vya mawe humo humo. Wiki ya kawaida gunia moja, wiki ya semina mawili. Tukakubaliana magunia matano kwa mwezi, kilo 270. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa hewa ukaa karibu kilo tatu, kwa hiyo hapo tuna kilo 800, karibu mara tatu ya umeme wa kanisa zima. Na hiyo ni ya jikoni tu. Kwa tanuri letu la udongo, kupata kilo moja ya mkaa unachoma kuni kilo tano hadi kumi. Magunia yetu matano ni zaidi ya tani moja ya mti, pengine mbili na nusu, kila mwezi. Mti ukiota tena, hewa ile inarudi mle mle. Usipoota, hairudi.

Mama yule aliniacha nimalize kuandika. Kisha akaniuliza kama najua Msimbazi unaanzia wapi. Nikasema Pugu. "Na mkaa huu?" Nikasema sijauliza. "Kijana anayeuleta anautoa Kisarawe, ukikosekana anaufuata Rufiji. Mimi kwetu ni Maneromango, Kisarawe hiyo hiyo. Nikienda kwetu napita Pugu. Ule msitu nilipokuwa msichana ulikuwa unaogopa kuingia mchana. Sasa unaona upande wa pili."

Hiyo si hadithi ya mama peke yake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa na mkaa kwa miongo, kila anayeishi Dar anajua. Kilima kikibaki uchi, mvua inashuka na udongo wake, na mchanga unatua pale mto unapokosa mwinuko, yaani hapa kwetu. Ndiyo maana tingatinga haliishi kuchimba mchanga chini ya daraja la Jangwani. Nilimweleza pia kwamba mkaa si mkosaji pekee, kuna nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji, kuna taka, kuna zege linalofunika ardhi kuanzia Gongo la Mboto mpaka huku. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na fedha hizo hazikutolewa kwa sababu ya jiko letu.

"Nimekuelewa," akasema mama. "Lakini tuseme ukweli, mwanangu. Ina maana nanunua mafuriko kwa gunia?"

Sikuandika kitu. Nilimaliza uji.

Kumbe tulikuwa tumechelewa hata kisheria, au karibu. Serikali iliagiza mwaka 2023 kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Watoto wetu ni 60, agizo lile linatupita pembeni. Siku za semina tunavuka 100 vizuri tu, ila hakuna anayekuja kuhesabu sahani.

Kikao cha Aprili kilikuwa kigumu. Zile taa za nje zilikuwa zinaokoa kama shilingi 115,000 kila mwezi, na pesa ikishaonekana kila mtu ana matumizi nayo. Kwaya walitaka maspika mapya, tena kwa hoja kwamba mimi mwenyewe nimethibitisha hawali umeme. Mimi nilitaka jiko kubwa la gesi na mtungi wa kilo 38. Mjumbe mmoja, mtu msomi, akanibana: gesi nayo si hewa ukaa? Ndiyo, tena inakuja na meli. Lakini kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu hadi nne za mkaa, na haiangushi mti. Sikusema kwamba ni safi. Nilisema ni kidogo.

Aliyeamua hakuwa mimi. Mama wa jikoni, ambaye hukaa nyuma na kuondoka mapema kuangalia chai, alisimama akasema atajaribu uji na maharage kwa gesi. Ubwabwa hapana. Ubwabwa bila makaa juu ya mfuniko ni wa hospitali, akasema, na yeye hatapikia harusi ya mtu chakula cha hospitali. Yule mzee wa bondeni akainua mkono wa kwanza kuunga mkono. Sikujua kama alikuwa ananikubali mimi au anakubaliana na ubwabwa.

Jiko limefungwa mwezi Juni, mkopo wake unalipwa na taa. Gunia moja la wiki limekuwa nusu. Mhariri wangu nilimpa habari hii, akasema haina kichwa, hakuna waziri ndani yake.

Jumamosi iliyopita nilikuwa getini wakati kijana wa mkaa alipofika na bodaboda yake, magunia mawili nyuma kama alivyozoea kila kukiwa na semina. Mama akachukua moja, akamlipa, akarudi jikoni. Kijana akabaki ameshika lile la pili, ananiangalia. Mimi ndiye wa daftari, anajua.

"Kaka, sasa hili nimpelekee nani?"

Sijafungua mdomo, muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara akapiga mluzi. Kijana akavuka nalo.